Kupanga mazoezi na mitihani ya mikanda katika shirikisho la karate ya jadi

Kazi ya kwanza ya shirikisho la karate si mashindano wala nembo ya kushona kifuani. Ni kuhakikisha kwamba mwenye kyu ya 4 (kyu ni madaraja ya kabla ya mkanda mweusi) wa dojo hii, yaani ukumbi huu wa mazoezi, akisimama bega kwa bega na mwenye kyu ya 4 wa dojo ile, mgeni anayewatazama asiweze kujua nani katoka wapi. Mimi nimo katika kamati ya ufundi, upande wa makaratasi na meza ya watahini, kwa hiyo nitaeleza kama mtu anayepokea fomu zenye majina yaliyokosewa herufi usiku wa kuamkia mtihani. Nazungumzia Shotokan, mmoja wa mitindo ya karate, kwa kuwa ndiko nilikokulia. Wa mitindo mingine, kama Goju-ryu au Wado-ryu, wabadilishe kata tu (mfululizo wa miondoko iliyopangwa), mengine yatawafaa.

Mtaala wa ukurasa mmoja

Kabla ya ratiba yoyote, kamati ya ufundi iandike mtaala. Usizidi ukurasa mmoja, maana wa kurasa kumi mwalimu atauweka kabatini. Kila daraja liwe na mstari wake: kihon (mbinu za msingi) gani, kata gani, kumite (mapambano ya wawili) ya namna gani, na miezi mingapi ni lazima ipite tangu mtihani wa mwisho.

Kyu huhesabiwa kwa kushuka, dan, yaani madaraja ya mkanda mweusi, kwa kupanda. Utaratibu huu karate iliuazima kwenye judo: Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, alianza kutoa dan katika miaka ya 1880, na Funakoshi Gichin, mwanzilishi wa Shotokan, akatoa za kwanza kwa wanafunzi wake wa karate mwaka 1924. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaogombana kana kwamba idadi ya kyu iliteremshwa kutoka mbinguni. Wengine wana 10, wengine 9, wengine 8. Chagueni moja mshikamane nayo. Rangi ndiyo vurugu kubwa zaidi, kwani njano ya hapa ni chungwa ya kule, na zambarau wengine wanayo, wengine hawaijui. Kwenye fomu, cheti na daftari andikeni namba ya kyu. Rangi iachieni kiuno.

Kwa upande wa kata, mpangilio unaofuatwa na dojo nyingi za Shotokan ni kata tano za Heian, moja baada ya nyingine, kisha Tekki Shodan mtu anapokaribia au kuingia mkanda wa kahawia, kisha Bassai Dai kuelekea mkanda mweusi. Msiubadilishe bila sababu nzito, kwa sababu mwanafunzi wenu anaweza kuhamia kwingine.

Kumite nayo ina ngazi zake, na hapa ndipo walimu wengi wana haraka. Anayeanza afanye gohon kumite, yaani mashambulizi matano mfululizo, na kila mtu anajua ngumi inakwenda wapi. Anachojifunza pale ni umbali na miguu, si ushindi. Ngazi inayofuata ni kihon ippon kumite: shambulio moja lililotangazwa, kinga moja, jibu moja. Kisha jiyu ippon kumite, ambapo shambulio bado linatangazwa lakini wote wawili wanatembea na kutafuta nafasi. Jiyu kumite, kupigana huru, ije kwenye mkanda wa kahawia. Ukiiweka kwenye mtihani wa mkanda wa njano utapata vijana wanaorukaruka kwa vidole huku kiuno kimelala, na kuwarudisha chini itakuchukua mwaka.

Ratiba huanza na tarehe ya mtihani

Tangazeni tarehe za mitihani ya mwaka mzima mapema, halafu kila mwalimu ahesabu kurudi nyuma. Kwetu kyu za chini zinasubiri angalau miezi 3 kati ya mtihani na mtihani, mikanda ya kahawia miezi 6, na kutoka dan ya kwanza kwenda ya pili ni miaka 2, ya pili kwenda ya tatu ni miaka 3. Hicho ni kiwango cha chini. Miezi kutimia hakumpi mtu haki ya mkanda. Kunampa haki ya kutazamwa.

Ndani ya miezi hiyo 3, mwezi wa kwanza naupendelea uwe wa kihon tupu na kata ya zamani, ile aliyopandia daraja alilo nalo. Kata mpya iingie baadaye. Mwezi wa mwisho kila zoezi liwe na dakika chache za kufanya mtihani wenyewe: kuitwa jina, kutoka mbele, kusalimu, kusema jina la kata kwa sauti. Watoto wengi hawaangushwi na kata, huangushwa na kutojua wasimame wapi. Mengine ya zoezi la kawaida kila mwalimu anayajua: rei (salamu ya kuinama), mokuso (kutulia kimya), kupasha mwili, kihon, kata, kumite, rei.

Lakini zoezi ambalo shirikisho haliwezi kuliacha ni la walimu wenyewe, pamoja, angalau mara moja kwa mwezi. Kata huteleza. Mwalimu hufundisha peke yake, akaona mkono unapendeza zaidi ukiwa juu kidogo, wanafunzi wake wakaiga, na baada ya miaka miwili mna Heian Nidan mbili. Kwenye zoezi la walimu msifanye mambo makubwa. Chukueni zenkutsu-dachi, msimamo wa mbele, mkague: kisigino cha nyuma kimekaa chini? Nyonga inageuka nusu wakati wa kinga na kurudi mbele wakati wa ngumi? Hikite, mkono unaovutwa nyuma, inafika kiunoni au inaishia hewani?

Kipimo ninachokipenda ni cha utepe. Heian Shodan, ya kwanza kati ya Heian tano, ina hatua 21, kiai (ukelele wa nguvu) mbili, kwenye hatua ya 9 na ya 17, na inamalizikia pale ilipoanzia. Bandika kipande cha utepe sakafuni, mwalimu asimame juu yake, aifanye yote bila kuangalia chini. Akimaliza hatua nzima mbele ya utepe, basi misimamo yake hailingani: mirefu akienda, mifupi akirudi. Hakuna anayeweza kubishana na utepe, hata sensei mwenye ndevu nyeupe, na kwa sababu hiyo haumfedheheshi mtu kama ambavyo ingemfedhehesha kukosolewa na mdogo wake.

Fomu na sahihi

Wiki mbili kabla, kila dojo ilete fomu: jina kamili kama litakavyokuwa kwenye cheti, daraja la sasa, tarehe ya mtihani wa mwisho, mahudhurio, na sahihi ya mwalimu. Sahihi ndiyo ninayoitazama. Mwalimu anayesaini anasema, "huyu yuko tayari." Wanafunzi wake wakianguka kundi zima mara mbili mfululizo, msiwaite wanafunzi, mwiteni yeye, faraghani, na mumpelekee mtu wa kumsaidia.

Wazazi watasukuma, hasa anapokuwepo mtoto wa jirani aliyepanda. Wekeni umri wa chini wa mkanda mweusi kwenye kanuni iliyoandikwa, ili mwalimu awe na cha kuwaonyesha. Na ada ya mtihani itangazwe mapema, iwe ileile kwa anayefaulu na anayeanguka, na mtahini asilipwe kwa kuhesabu waliopita. Shirikisho linalokula kwa mikanda litagawa mikanda.

Siku yenyewe

Anzeni na kyu za chini. Watoto waliokaa saa tatu sakafuni wakisubiri hawana kata yoyote iliyobaki miguuni. Kwa kyu za chini mtahini mmoja mwenye sifa anatosha. Kwa mikanda ya kahawia na dan wawe watatu, wenye madaraja ya juu kuliko linalotahiniwa. Mwalimu asitie alama kwa mwanafunzi wake. Aweza kukaa pembeni na kukunja uso apendavyo.

Iteni wawili hadi wanne kwa pamoja. Kihon kwa hesabu, kila mchanganyiko mara tano kwenda mbele. Kata mara mbili kwa walio chini: ya kwanza kwa hesabu, nione ufundi, ya pili bila hesabu, nione mwendo na pumzi. Wa kahawia na kuendelea afanye peke yake. Kumite wapangwe kwa kimo na uzito unaokaribiana, na mwenye mkanda wa juu asigeuzwe gunia la kupigia la kila mtu.

Ninatazama nini? Kwanza miguu, kisha nyonga, macho, mikono mwisho kabisa. Karate ya jadi inajengwa juu ya todome waza, pigo moja lenye uwezo wa kumaliza mapambano, kwa hiyo ngumi kumi nyepesi mfululizo hazinishawishi. Nataka moja iliyotoka ardhini, ikafika kwenye kime (kukaza mwili mwishoni mwa pigo), ikasimama kabla ya ngozi ya mwenzake. Anayemuumiza mwenzake kwa kushindwa kujizuia anaanguka, hata kama pigo lenyewe lilikuwa zuri. Kujizuia ni sehemu ya ufundi unaopimwa.

Watahini waandike alama kila mtu kwake, kimya, halafu ndipo walinganishe. Wakianza kunong'ona mapema, mwenye dan kubwa ndiye atakayekuwa ametahini peke yake. Wawili kati ya watatu wakikubali, amepita. Aliyeanguka asitajwe kwa sauti mbele ya ukumbi. Apewe karatasi yenye sababu inayofanyiwa kazi. "Hujakaza" haimsaidii mtu. "Goti la mbele linaanguka ndani kwenye kokutsu-dachi (msimamo wa nyuma), Heian Nidan na Heian Yondan" inamsaidia kuanzia zoezi linalofuata. Kwa mikanda ya kahawia na dan, tunamruhusu aliyeangukia sehemu moja, tuseme kumite, kurudia sehemu hiyo tu kwenye mtihani unaofuata.

Daftari

Mtu mmoja ashike daftari kuu, na nakala ikae mahali pengine. Kila cheti kiwe na namba inayopatikana humo, pamoja na tarehe na majina ya watahini. Vyeti vya kyu dojo zinaweza kutoa. Vya dan vitoke makao makuu pekee.

Daftari hilo ndilo litakalowaokoa siku mtu atakapokuja kutoka shirikisho jingine akiwa na mkanda wa kahawia na maelezo mengi. Msimvue mkanda mlangoni. Mwacheni auvae, afanye mazoezi na wenzake hadi msimu wa mtihani ufike, kisha atahiniwe kwa daraja alilonalo, si la juu yake. Akilimudu, mwandikeni daftarini kwa namba yenu na miezi yake ianze kuhesabiwa siku hiyo. Akishindwa, mwelezeni ni daraja gani analoliweza kwa mtaala wenu, na mwalimu aliyempokea ndiye azungumze naye, kabla orodha haijabandikwa ukutani.