Kupanda Maporomoko ya Sanje: Mwongozo kwa Msafiri wa Unguja na Pemba

Sehemu iliyoinuka kuliko zote kisiwani Unguja ni Masingini, na hata hapo mtu husimama karibu mita 120 tu juu ya usawa wa bahari. Maporomoko ya Sanje, yaliyomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa huko bara, yanashuka mita zipatazo 170 kwa ngazi tatu. Kwa maneno mengine, maji hayo peke yake ni marefu kuliko kilima chetu kirefu kabisa. Nimeanza na hesabu hii kwa sababu watu wengi wanaonijia kutaka habari za safari ya Sanje huuliza nauli, huuliza chakula, huuliza kama mwanamke anaweza kwenda na nguo za stara, lakini hawaulizi habari za magoti yao, na magoti ndiyo yanayoamua kama siku ile itakuwa ya furaha au ya mateso.

Hifadhi ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na imekaa baina ya mikoa ya Morogoro na Iringa. Kilele chake kirefu, Luhombero, kinafikia mita 2,576. Jambo linaloitofautisha na hifadhi nyingi tunazozisikia ni kwamba ndani yake hamna barabara za magari ya watalii. Anayetaka kuiona lazima atembee. Kwenye misitu hiyo anaishi kima aitwaye ngolaga, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 na kumpa jina la Sanje, ijapokuwa wenyeji walikuwa wakimjua siku zote. Nasi wa visiwani tuna uhusiano na milima hii pasipo kujua: mto Ruaha Mkuu, unaopita pembezoni mwake, ndio unaoendesha mitambo ya umeme ya Kidatu, na Kidatu imo katika gridi ileile inayotuletea umeme Fumba kwa waya uliolazwa chini ya bahari.

Tuanze na majira. Masika ya Machi hadi Mei yasikushawishi hata kidogo, ingawa ndipo maji yanaponguruma kwa nguvu zaidi, kwa sababu njia huwa tope tupu na mizizi huteleza kama samaki aliyetoka majini. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo mikavu na ndiyo ya kuchagua. Msafiri wa visiwani, hata hivyo, ana hesabu ya ziada ambayo mtu wa Morogoro hanayo: Juni hadi Agosti pepo za kusi huvuma na mkondo wa Zanzibar huchafuka, kwa hivyo mwenye kusumbuliwa na bahari anaweza kufika Dar es Salaam akiwa tayari amechoka. Mimi huchagua Septemba. Kusi imeshapungua makali, njia ni kavu, na maji ya Sanje, ambayo hayakauki mwaka mzima, bado yanatosha kumfanya mtu asimame kimya akiyatazama.

Mazoezi yaanze wiki 6 kabla ya safari. Kutembea ufukweni hakutoshi, kwa kuwa mchanga ulio tambarare haufundishi misuli ya mapaja kazi ya kushuka. Kwa anayeishi mjini Unguja, ngazi za majumba ya Michenzani ni chuo kizuri: panda na shuka mara kadhaa, siku tatu kwa wiki, na wiki mbili za mwisho fanya hivyo ukiwa na mkoba mgongoni wenye chupa mbili za maji. Mpemba ana bahati, kwa sababu kisiwa chake ni cha vilima na mabonde, na anayezoea kushuka bondeni kwenye mpunga na kupanda tena mikarafuuni amekwisha kufanya nusu ya mazoezi. Inafaa pia kutembea japo mara moja katika msitu wa Jozani au Ngezi, ili kuzoea joto la chini ya miti, ambalo halina upepo wa bahari wa kulipunguza.

Safari yenyewe ihesabiwe kuwa ya siku nne, na wala usijaribu kuibana ikawa ya siku mbili. Boti ya asubuhi kutoka bandari ya Malindi mjini Unguja huchukua kiasi cha saa mbili kufika Dar es Salaam. Anayetoka Pemba aongeze siku nzima ya kuvuka kwanza hadi Unguja. Mabasi mengi ya njia ndefu huondoka alfajiri, kabla boti haijafika, na kwa hivyo abiria wa boti ama alale Dar es Salaam, ama apande treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Stesheni yake haiko mbali na bandari. Mimi hupendelea kulala Morogoro na kupanda basi la Ifakara asubuhi yake. Barabara kuu hukatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kiasi cha kilomita 50, na si ajabu kuona twiga na tembo ukiwa umekaa kitini. Kwenye mji wa Mikumi basi huacha barabara kuu na kuelekea kusini, huvuka Ruaha Mkuu pale Kidatu, kisha hupita kwenye mashamba ya miwa, milima ikiwa upande wa kulia mpaka Mang'ula, ambako ndiko makao makuu ya hifadhi. Shuka hapo, tafuta nyumba ya kulala wageni, na ulale usiku mbili: wa kabla ya kupanda na wa baada ya kushuka.

Kitambulisho cha taifa kisisahaulike, kwa kuwa raia wa Tanzania hulipa kiingilio kwa shilingi na kwa kiwango cha chini mno kuliko mgeni wa kutoka nje. Malipo hufanywa kwa kumbukumbu namba, kwa simu au kwa kadi, na si kwa fedha taslimu mkononi. Kila kundi hupewa mwongozaji, na hili lisichukuliwe kuwa mzigo. Mwongozaji ndiye anayejua ni jabali gani limelegea, siafu wamekatiza wapi, na tembo wamepita njia gani usiku uliotangulia.

Jambo la malaria nalitaja kwa msisitizo. Visiwani kwetu ugonjwa huu umepungua sana, na wengi wetu tuliokulia mjini hatukumbuki lini tuliugua mara ya mwisho. Bonde la Kilombero, lililo chini ya milima hii, lina mbu na lina malaria, na mwili uliokwisha kuisahau huugua vibaya zaidi. Muone daktari wiki kadhaa kabla ya safari akushauri kuhusu dawa ya kinga, lala ndani ya chandarua, jipake dawa ya kufukuza mbu kuanzia magharibi, na ukipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi nenda ukapimwe siku ileile na umwambie mganga ulikotoka.

Kuhusu mavazi, jibu la swali la stara ni kwamba stara na mlima havigombani. Suruali pana ya kitambaa chepesi, shati refu la mikono mirefu na mtandio uliofungwa vizuri vinamfaa mwanamke, na hata humkinga na miiba na wadudu. Kinachohatarisha ni vazi linaloburura chini, kwa sababu mwenye kushuka haoni anapokanyaga. Viatu viwe vya soli yenye meno, vilivyokwisha kuvaliwa walau mwezi mmoja. Malapa yabaki nyumba ya wageni. Katika safari yangu ya mwanzo nilivaa viatu vipya vilivyonibana kwa mbele, na kwa kuwa sikuwa nimekata kucha, vidole vilisukumwa kwenye ncha ya kiatu kila hatua ya kushuka, hata kucha mbili za vidole gumba zikageuka nyeusi na kung'oka baada ya wiki chache. Kata kucha siku moja kabla, na kabla ya kuanza kushuka kaza kamba za viatu kwenye kifundo cha mguu.

Mkobani tia maji yasiyopungua lita 2, pakiti ya chumvi ya kuongeza maji mwilini, koti la mvua, na chakula kisichoharibika: tende, mayai ya kuchemsha, ndizi, mkate wa mofa. Halwa ni tamu na ina nguvu, lakini huleta kiu, basi ichukuliwe kidogo. Simu na kitambulisho vifungwe ndani ya kitu kisichopitisha maji. Chukua na bakora imara.

Siku ya kupanda, toka Mang'ula mapema kwa gari au bodaboda hadi kijiji cha Sanje, kilomita chache upande wa kaskazini, ili uwe njiani jua likiwa bado changa. Wengi hutumia nusu siku kwenda na kurudi, na anayeanza mapema huwa amekwisha kushuka karibu na Adhuhuri, akaswali kwa utulivu. Njia hupanda kwa ukali tangu mwanzo. Tembea kwa mwendo ambao bado unaweza kumsimulia mwenzako kisa bila kukatika pumzi. Ukishindwa kusema, punguza mwendo, na kundi zima lifuate hatua za yule aliye wa polepole kuliko wote. Kabla hujayaona maporomoko utayasikia, kisha utahisi unyevu wake usoni, na ukifika juu, msitu ukifunguka, bonde la Kilombero hulala chini yako na miwa yake ya kijani mpaka macho yanapokoma.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya niandike, nalo ni maji yenyewe. Sisi tumelelewa na bahari, na ujuzi wetu wa bahari ndio unaotuponza mtoni. Bahari ina ratiba: tunajua maji yanapwa saa ngapi na kujaa saa ngapi, tunajua siku za bamvua. Mto wa mlimani hauna ratiba. Mvua inaweza kunyesha mbali huko juu wakati kwako jua linawaka, na maji yakapanda kwa ghafla. Dalili zake ni maji safi kugeuka rangi ya chai, majani na vijiti kuanza kupita, na sauti ya maporomoko kuwa nzito. Ukiona mojawapo, toka majini papo hapo na upande juu kwenye ukingo, wala usirudi kuchukua viatu.

La pili, maji ya bahari yana chumvi nayo humbeba mtu. Maji baridi hayambebi kiasi hicho, na povu jeupe lililo chini ya maporomoko humbeba pungufu hata ya hapo kwa kuwa limejaa hewa. Aliyezoea kujilaza juu ya maji Nungwi atashangaa kujikuta anazama. Aidha, pale maji yanapoangukia huwa na mzunguko unaomvuta mtu ndani. Kwa hiyo, ukipenda kuoga, uliza mwongozaji wapi panaruhusiwa, ingia taratibu ukianzia miguuni ili baridi isikukate pumzi, kaa kwenye kidimbwi kilicho mbali na anguko, na usiruke kamwe kutoka juu ya jabali, maana mwamba uliozama hauonekani. Katika vidimbwi vya juu, vilivyo karibu na ukingo ambako maji huanzia kuanguka, usiogelee kabisa wala usiende ukingoni kupiga picha. Majabali ya hapo yamevaa ukijani unaoteleza hata unapoonekana umekauka. Sabuni nayo isitumike, kwa sababu walio chini wanayategemea maji hayo. Na mifereji ya huko bondeni, ambamo maji hutembea polepole, usiogee. Konokono wa kichocho tunayemjua visiwani hupenda maji ya namna hiyo.

Kushuka ndiko kugumu kuliko kupanda, kwa sababu mtu huwa amechoka na moyo umekwisha kuridhika. Piga hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, na uzito uwe juu ya nyayo. Anayeegemea nyuma kwa woga ndiye anayeteleza na kukaa kitako. Bakora itangulie, mguu ufuate. Usishike mti bila kuutazama, kwani mwingine una miiba na mwingine una siafu. Penye mteremko mkali geuza mwili upande, ushuke kama anayeshuka ngazi za darini akiwa na ndoo mkononi. Kila baada ya nusu saa simameni nyote, mnywe maji, mtazamane nyuso. Aliyenyamaza ghafla na kuacha kutoa jasho apelekwe kivulini na kumwagiwa maji.

Jioni ya siku hiyo usisafiri. Nyoosha miguu, kula wali moto, lala, na asubuhi yake mapaja yakiuma tembea kidogo Mang'ula, kwani kukaa kitako siku nzima huyafanya yakaze zaidi. Taka zako zote, hata maganda ya mayai, zirudi nawe. Kabla hujaingia kwenye basi, kwangua tope kwenye soli za viatu na uzisugue kwa maji, maana mbegu za mimea ya ugenini husafiri kwenye tope hilo, na wewe utakuwa na hamu ya kuvivaa viatu hivyohivyo Jozani au Ngezi.