Somo: Kuziba vanishi ya gitaa iliyoliwa na msasa

Umepiga msasa kuondoa mikwaruzo, ukapiga polishi, na sasa kuna doa moja lisilokubali kung'aa. Ligusishe kidole chenye unyevu. Likikolea rangi, umefika kwenye mbao. Weka msasa chini: vanishi ya gitaa la akustika huwa nyembamba sana, na kila ukisugua tena doa linapanuka.

Hatua ya 1: Ijue vanishi yako. Hapa usiharakishe, maana kazi yote iliyobaki inategemea jibu hili. Chagua mahali pa kificho, kwa mfano chini ya kitufe cha mkanda, uguse kwa pamba yenye tone la spiriti. Ikinata, ni shelaki. Isiponata, jaribu tina ya laka (kimiminika cha kuzimulia laka); ikilainika, ni laka ya nitroselulosi. Kama vyote havikufanya kitu, ni poliuretani au poliesta. Shelaki na laka huyeyusha koti la zamani na kushikana nalo likawa moja. Poliuretani na poliesta zikishakauka haziyeyuki tena, hivyo koti jipya hukaa juu tu na ukingo wake huonekana.

Hatua ya 2: Ondoa polishi. Polishi nyingi zina nta au silikoni, na vanishi mpya ikikutana nayo hujikunja na kuacha vishimo. Futa kwa nafta (kiyeyusho chepesi kitokanacho na petroli), ukibadilisha kitambaa mara kwa mara. Mafuta ya taa hayafai, huacha utando.

Hatua ya 3: Jaza. Kwa shelaki na laka, paka makoti membamba, kila moja likauke kwanza. Laka iache wiki kadhaa kabla ya kuisawazisha, kwani huendelea kunywea. Kwa poliuretani na poliesta, dondosha supagluu nyepesi kidogo kidogo, uiache ikauke yenyewe. Fungua madirisha, kaa mbali na moto.

Hatua ya 4: Sawazisha. Zungushia wembe seloteipu ncha zote mbili ili sehemu ya katikati pekee ndiyo ikwangue. Kisha msasa wa maji namba 1000, 1500, halafu 2000, ukiufunga kwenye kibao kidogo. Vidole vitupu huchimba mabonde. Kingo za gitaa ziogope. Huko ndiko vanishi huisha upesi. Malizia kwa polishi, kwa mkono.

Maswali

*Mwalimu, naweza kutumia vanishi ya mafuta ya meza iliyobaki?*
Hapana, ndugu. Hukawia kukauka na haishikani na laka.

*Laka yangu imepauka kama ukungu mara tu baada ya kupaka.*
Ni unyevu wa hewa ulionaswa ndani. Subiri siku kavu, kisha upulize tina kidogo sana; laka italainika na unyevu utoke.

*Gitaa langu lina rangi ya kahawia inayofifia kuelekea katikati, na doa limebaki jeupe.*
Basi rangi ilikuwa ndani ya vanishi, nayo umeiondoa pamoja nayo. Kabla ya kujaza, changanya rangi ya mbao kwenye shelaki, ujaribu kwenye kipande cha mbao nyeupe hadi ilingane, ndipo uguse doa.

*Nimejaza kwa supagluu, lakini duara bado linaonekana nikiinamisha gitaa kwenye mwanga.*
Ukilipitisha kidole husikii kitu? Basi liache hivyo hivyo. Ukilifukuza kwa msasa utatoboa pembeni yake.