Bata hawakuwa na kosa

Naanika dagaa Igombe, kando ya Ziwa Victoria, huu mwaka wa 14. Kwenye kikundi chetu cha akina mama mimi ndiye ninayeshika daftari, na nadhani ndiyo maana watu wakigombana mwaloni, hapa mitumbwi inapofikia, naitwa mimi. Usuluhishi sijausomea. Nina namna yangu ya kuulizia tu, na niliipata kwa kuaibika.

Jirani yangu, tumwite Mama Tabu, aliacha kunisalimia. Nikajua ni bata. Siku hizo tulikuwa bado tunaanika chini, juu ya nyavu kuukuu, na bata wangu walikuwa wameingia kwenye dagaa wake wakala, wakakanyaga. Nikampelekea sado moja ya fidia. Akapokea, akasema, "Asante, Mama Kulwa," akanipa mgongo. Mimi nikaanza kutangaza kwamba mwenzangu ana roho ngumu. Wiki tatu baadaye tuko msibani tunamenya ndizi, akasema bila kuniangalia: "Siku ile ya mvua ulianua wako, wangu ukawapita." Ni kweli, niliwapita. Alikuwa amempeleka mtoto kliniki, na mimi niliona wingu, nikakimbilia wangu. Dagaa wakishalowa unawauza kama chakula cha kuku, na bei yake unaijua. Bata walikuja kumpa tu neno la kusema.

Kwa hiyo ukiitwa, usiulize nani alianza. Jibu la swali hilo kila mtu analo mfukoni, na siku zote ni la leo asubuhi. Uliza hivi: mara ya mwisho nyinyi wawili kucheka pamoja ilikuwa lini? Wataguna, lakini watakumbuka. Ukishapata siku hiyo, njoo nayo polepole mpaka leo, siku kwa siku: nani alisafiri, nani aliugua, nani alikopa. Usikimbilie siku ya matusi. Jambo lenyewe limelala kabla yake.

Halafu tazama juu. Dagaa wanavuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukikomaa taa haina kazi, mitumbwi inalala ufukweni, vijana wanashinda kwenye drafti na deni la mama ntilie linapanda. Kesi nyingi ninazoitiwa ni za siku hizo. Deni ambalo wiki iliyopita lilikuwa utani, sasa ni tusi. (Ukimwona Msukuma amekasirikia utani wa mtani wake, jua kuna kingine kinamuuma.) Mimi habari ya pesa siiamui kwenye mbalamwezi. Nawaambia wanangu, tungojeni giza, mkishuka na ndoo mbili tatu tutaongea. Nusu yao hawarudi.

Wanaorudi, mara nyingi ni mgawo. Hapa ndipo penye kazi. Mauzo yakipatikana, kwanza yanatolewa mafuta na chakula, kinachobaki ndicho tajiri mwenye mtumbwi anagawana na wavuvi wake. Sasa mafuta yananunuliwa na tajiri, vijana hawapo. Na dagaa wanavuliwa usiku katikati ya ziwa, tajiri hayupo. Kila upande una hesabu iliyofanyika nyuma yake. Ndiyo maana huyu anaitwa mwizi na hawa wanaambiwa wameuzia ziwani, na inawezekana hakuna aliyeiba.

Ninachofanya ni kuwatenganisha. Kila mmoja anachukua kijiti, anaandika hesabu yake mchangani, mbali na mwenzake. Kisha natembea katikati yao, mstari kwa mstari. Siku moja kijana alikuwa ametupa dumu la tajiri majini, watu wameshika makasia. Nikapita: ndoo, sawasawa. Bei, sawasawa. Chakula, sawa. Mafuta: tajiri kaandika lita 20, kijana 15. Nikasimama hapo.

"Baba, hizi tano?"

Akakohoa. Zilikuwa zimempeleka mkwewe Ukerewe.

Kwa hiyo makelele yote yale yalikuwa ya lita tano. Angewaambia mapema wangecheka tu, mkwe ni mkwe. Alizirudisha kwenye mgawo, na kijana akaingia majini kutafuta dumu.

Ugomvi wa ndoo ni mwepesi: mmoja alidhani ya kilima, mwingine ya kusawazisha kwa fimbo. Kubalianeni kabla ya kupima.

Ila kuna ugomvi nisioutafutia chanzo. Mwanamke akija amevimba jicho, siulizi walicheka lini. Nampeleka polisi, dawati la jinsia, na njiani namwachia yeye aongee akitaka. Niliwahi kukaa chini na mume wa namna hiyo kutafuta sababu, nikamsaidia kuipata, akaitumia tena mwezi uliofuata. Sirudii.

Mama Tabu tuko naye bado, chanja zetu za kuanikia zinatazamana. Juzi wingu lilipanda kutoka ziwani, yeye hayupo. Nikaanza na wa kwake. Akatokea anakimbia, kitenge mkononi, akanikuta nimeinama, hakusimama. Akapitiliza kwenda kuanua wangu. Hatukusemeshana, matone yalishaanza. Waliodondoka chini tuliwaachia bata.