Chipu ya kusoma kigunduzi cha chembe: hesabu kwanza, transista baadaye

Vijana wanaonijia hapa Kisumu wakitaka kubuni chipu za vigunduzi, za aina wanayotumia CERN, ile maabara ya fizikia ya chembe huko Ulaya, huniletea michoro ya transista iliyokwisha pakwa rangi. Mimi huwauliza swali moja tu: elektroni ngapi zinaingia? Wengi hunyamaza. Basi tuanzie hapo.

Chembe yenye kasi ikipenya silikoni ya unene wa mikroni 300 huachilia takriban elektroni 22,000. Hiyo ni chaji ya femtokulombi 3.5. Ukiipokea kwa amplifaya ya chaji yenye kapasita ya marejesho (inayounganisha tokeo lake na ingizo) ya femtofaradi 100, unapata milivolti 35, basi. Silikoni ya mikroni 150 inakupa nusu yake, na ikishapigwa na mionzi kwa miaka, unabaki na pungufu zaidi. Ziandike namba hizi kwenye karatasi kabla hujawasha laptopu.

Sasa kelele, yaani mtikisiko wa umeme usiotakiwa. Kuudaka mpigo huo pembeni mwa saketi za dijitali zinazopiga saa ya megahezi 40 ni sawa na kutega sikio usikie mnong'ono Kibuye siku ya soko. Kelele za ndani ni za aina mbili kuu, nazo zinavutana. Ile ya transista ya mlangoni huongezeka kadiri kapasitansi ya kihisio (ile silikoni) inavyokuwa kubwa, na hupungua ukiipa transista mkondo zaidi au ukirefusha muda wa kuunda mpigo. Ile inayotokana na mkondo unaovuja kwenye kihisio huenda kinyume: muda ukirefuka, nayo inapanda. Chora mistari yote miwili, utafute bonde. Tatizo ni kwamba kwenye LHC, mashine ya CERN ya kugonganisha protoni, mafungu ya protoni hukutana kila nanosekunde 25, kwa hiyo muda umeshapangiwa.

Na mkondo pia una bei yake. Pikseli, yaani vyumba vidogo vya kihisio, za mikroni 50 kwa 50 ziko 40,000 katika sentimita moja ya mraba. Kama mfumo wa kupoza unahimili wati 1 kwa eneo hilo, kila pikseli ina mikrowati 25 za kugawana amplifaya, kilinganishi (kinachoitika mpigo ukivuka kizingiti) na dijitali yote. Ukitaka kujua kazi yenyewe iko wapi, iko kwenye mgawanyo huo. Mengine ni uvumilivu.

Vifaa vipo vya bure: Xschem kwa kuchora, ngspice kwa kuiga, pamoja na mafaili ya teknolojia ya nanomita 130 ambayo Google na kiwanda cha chipu cha SkyWater waliyaweka wazi mwaka 2020. Badala ya kihisio, weka chanzo cha mkondo sambamba na kapasita. Mikroampia 0.35 kwa nanosekunde 10 inakupa zile femtokulombi 3.5 kamili. Ibane ngspice iende kwa hatua zisizozidi nanosekunde 0.1, la sivyo itauruka mpigo nawe udhani amplifaya imekufa. Hifadhi matokeo mara kwa mara. Stima ya huku na radi za jioni mnazijua.

Kwenye njia ya marejesho utahitaji kitu cha kuiondoa chaji taratibu. Saketi aliyoichapisha mhandisi Krummenacher mwaka 1991 bado inapendwa kwa sababu inameza pia mkondo unaovuja. Nami ningeanza nayo.

Kizingiti cha kilinganishi kiweke juu ya kelele angalau mara tano. Tuseme chipu ina pikseli 65,536: kwa mara tano, kelele peke yake itawasha pikseli moja katika takriban kila mikutano hamsini ya protoni. Kwa mara nne ingewasha mbili kila mkutano! Halafu transista mbili zilizochorwa sawasawa hazitoki kiwandani zikiwa sawa, kwa hiyo kila pikseli ipe biti nne au tano za kurekebishia kizingiti chake.

Biti hizo, na mipangilio mingine yote, mionzi inaweza kuzigeuza wakati wowote. Dawa ni kuweka nakala tatu na saketi ya kupiga kura. Lakini programu ya kutafsiri msimbo kuwa saketi ikiona nakala tatu zinazofanana, inaziona ni upotevu na kuziunganisha kuwa moja, kimyakimya. Ziwekee alama ya kuzizuia zisifutwe, kisha fungua faili la mwisho uzihesabu mwenyewe. Nakala hizo zitenganishe pia kwenye mchoro, chembe moja isije ikazipiga mbili kwa mpigo.

Chipu ikirudi, ipime kwa kuingiza chaji inayojulikana kupitia kapasita ndogo uliyoijenga ndani. Panda kidogokidogo, hesabu ni mara ngapi kilinganishi kinaitika. Mstari wa matokeo utapanda kama herufi S. Umbali kati ya asilimia 16 na 84 ni kelele mara mbili. Vigunduzi vingi vya silikoni vya LHC hufanya kazi chini ya nyuzi sifuri, nasi baridi hiyo tunayo kwenye friza za samaki, za mbuta. Ifunge bodi kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na vijipakiti vya kunyonya unyevu.

Kelele ikizidi ile ya kwenye karatasi, usikimbilie kulaumu transista. Chomoa chaja, uiwashe bodi kwa betri ya gari kupitia regileta ya kawaida isiyo ya kuwasha na kuzima, upime upya.