Tizi bila jimu hapa Mombasa, na mgongo usiusahau

Ukipita Mama Ngina asubuhi ama ufuo wa Pirates jioni utaona vijana wanapiga tizi na mashallah bidii wanayo, lakini watizame vizuri, wengi ni pushapu na sitapu tu. Kifua chapata nguvu, mgongo waachwa hivyohivyo, halafu siku ya kuvuta mtumbwi ama kuhamisha kabati la mamako ndio wajua hujajenga mwili, umejenga upande mmoja.

Mwili wa kazi wataka kusukuma, kuvuta, kuchuchumaa na kubeba. Kuvuta ndio kunasumbua watu kama hakuna vyuma, kwa hivyo naanza hapo.

Tafuta kikoi kizito, leso usitumie maana itachanika. Kisokote kiwe kama kamba, piga fundo kubwa katikati, kipitishe juu ya mlango fundo libaki upande wa pili na zile ncha mbili zije kwako, kisha funga mlango na ufunguo. Na mlango wenyewe uwe ule unaofungukia upande wa pili, yani wewe ukivuta uwe wazidi kujifunga, la sivyo utakufungukia na utaanguka chali. Shika ncha, miguu karibu na mlango, lala nyuma mpaka mikono inyooke, mwili wote umekaza, halafu jivute kifua kije mikononi. Mabega usiyapandishe masikioni, yabane kule nyuma, hesabu moja, rudi polepole. Ikiwa rahisi sogeza miguu mbele zaidi, kila ukilala ndio uzito waongezeka.

Kama kuna chuma cha kuning'inia ama tawi nene bichi hapo mtaani bora zaidi. Huwezi kujipandisha? Panda kwa stuli, kidevu juu ya chuma, ushuke ukihesabu mpaka tano, hivyo ndivyo nguvu inavyokuja. Goli la mpira ambalo halijachimbiwa chini usilining'inie kabisa, linaangusha watu.

Kuchuchumaa tumia baraza ya nyumba. Kaa, inuka bila kujishika, magoti yafuate vidole vya miguu yasiingie ndani, ukizoea usikae kabisa, gusa tu na makalio uinuke. Pushapu wazijua, ila kama za chini zakushinda anza na ukuta, kisha mikono juu ya baraza, kisha chini, na kiuno kisining'inie.

Kubeba ni mtungi wa maji, ule wa plastiki. Maji lita 20 ni kilo 20, shika kwa mkono mmoja utembee wima bila kupinda upande, fika mwisho wa kichochoro, badilisha mkono. Kwa anayeanza nusu mtungi yatosha. Hili zoezi watu walidharau lakini tumbo na kiuno vyafanya kazi kushinda sitapu mia.

Sasa joto. Hapa kwetu hewa ina unyevu mwingi, jasho halikauki haraka na mwili haupoi, kwa hivyo fanya baada ya swala ya alfajiri ama jua likishapungua jioni, mchana wa saa saba achana nao. Kunywa maji kabla hujasikia kiu. Ukitaka kukimbia pwani ngoja maji yakipwa ukimbilie mchanga uliolowa, ule mkavu wachosha nyama za miguu haraka sana na mgeni wa mazoezi ataumia.

Mara tatu kwa wiki yatosha, siku ya katikati pumzika, Shirika la Afya Duniani lenyewe lasema mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki. Kila zoezi piga raundi tatu, na katika kila raundi simama ukiona umebakiza mara kama mbili hivi ambazo bado ungeziweza. Wiki ikipita rahisi ongeza moja moja, ama punguza mwendo wa kushuka. Misuli kuuma kesho yake ni kawaida, lakini kiungo kikichoma hapohapo acha, na kifua kikibana ama kizunguzungu kikija kaa chini kivulini na uende ukaonwe na daktari.