Datsun 160J ya Safari Rally: kabla hujapiga rangi, soma bodi

Mtu akipata 160J kuukuu siku hizi kitu cha kwanza anafikiria ni rangi na stika. Naomba sana usianze hapo. Hii si gari ya kupamba tu, Shekhar Mehta, kijana wa Uganda aliyekuja kuwa shujaa wa Kenya, alishinda Safari kwa Datsun za familia hii ya Violet miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, Mike Doughty akiwa kando yake anamsomea njia, na mpaka leo hakuna mwingine amechukua Safari nne kwa mpigo. Alikuwa ashachukua ya 1973 kwa 240Z, na kabla yake Edgar Herrmann alishinda 1970 kwa 1600 SSS. Halafu kumbuka mbio zenyewe zilikuwaje, Pasaka, msimu wa masika, barabara haijafungwa, unakutana na lori na ng'ombe, matope ya leo kesho ni vumbi. Gari iliyopita huko imeandikwa mwilini, na ukiikwangua bila kuangalia umefuta hiyo historia na hairudi.

Kwa hivyo siku ya kwanza chukua kamera, tochi na msasa laini wa maji namba 400, basi. Chagua mahali pamejificha, mimi nilichagua ndani ya kifuniko cha buti, sugua duara dogo kama sarafu ya shilingi kumi, polepole, maji yakitiririka. Rangi zitatokea pete kwa pete kama gogo la mti. Kwangu ilitokea nyeupe, chini yake bluu, chini kabisa nyekundu na kipande cha mstari mweusi, hapo nikaweka msasa chini nikapiga picha kwanza.

Kisha tafuta mashimo yaliyozibwa: kwenye boneti pale taa za ziada zilifungwa, kwenye dashibodi palipokaa vifaa vya navigeta, yule msoma njia, kwenye sakafu palipobanwa miguu ya rolkeji, ile fremu ya mabomba inayolinda watu gari ikipinduka. Angalia pia kama kuna mabati mawili yamelaliana juu ya shokamzoba za mbele, na kama maungio ya bodi yamechomelewa mstari mrefu badala ya zile alama za doti za kiwandani. Hiyo ni kazi ya mtu aliyejua anaenda wapi na gari. Pima kila shimo, chora kwa karatasi, hata kama hujui ni la nini, utajua baadaye.

Sasa kutu. Toa viti, kapeti, vioo, tenki, kila kitu, maana kutu ya hizi gari inakaa chini ya kioo cha mbele, kwenye sakafu, kwenye sili za milango, yaani vizingiti vya chini ya milango, na pale gurudumu la akiba linalala. Gonga na nyundo ndogo ukisikiliza, bati zima linalia, bati lililojazwa puti, ile lipu ya bodi, linanyamaza. Fundi mmoja aliyewahi kuishika yangu kabla yangu alijaza sili ya kushoto puti na gazeti, juu inang'aa kabisa, ndani hakuna chuma. Kata mpaka ufike chuma kisafi, chomelea bati jipya, paka praima ya kuzuia kutu SIKU HIYO HIYO, usingoje wiki. Ukikata sili funga kwanza vyuma vya kushikilia milango, la sivyo bodi inajikunja na mlango hautafunga tena vizuri.

Injini ya L16, cc 1595, ni kama imeundwa kwa ajili ya mafundi wetu, kamshafti moja juu, cheni badala ya mkanda. Lakini kuna mahali inakamata watu wengi. Ukitaka kutoa silinda hedi, weka pistoni namba moja juu kabisa, tia alama za rangi kwenye cheni na kwenye sproketi, ile gia ya kamshafti inayobeba cheni, halafu KABLA hujafungua bolti ya sproketi chonga kabari ya mbao ngumu uishindilie katikati ya pande mbili za cheni. Hiyo kabari inazuia tensheni, kile kikaza cheni, isiruke. Ikiruka ndani, hedi ulitaka kutoa kwa nusu siku inakuwa kazi ya kufungua kava ya mbele nzima, na kava ya mbele inakupeleka mpaka kwenye sampu, karai la oili chini ya injini. Funga waya kwenye kabari ili uivute baadaye. Valvu ukizipanga, injini ikiwa moto, ni milimita 0.25 za kuingiza na 0.30 za ekzosti. Usiweke kwa kusikiliza sikio, tumia fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi.

Breki sina mengi, badilisha kila mpira na kila paipu, hata ile inayoonekana nzima. Nyaya pia usiunge unge, piga mpya.

Kama unataka kukimbia nayo mbio za magari ya zamani za kimataifa, zitakazouliza HTP, ile pasipoti ya kiufundi ya magari ya zamani inayotolewa na FIA, shirikisho la kimataifa la magari, pata karatasi za homologeshoni, yaani idhini rasmi ya vipuri vya mbio, ya modeli yako mapema ujue ni kabureta gani na difu gani (gia za ekseli ya nyuma) zinaruhusiwa, maana watu wananunua vitu vya bei halafu vinakataliwa.

Na vile vishikio vya nyuma pamoja na vya kukanyagia juu ya bampa, tafadhali usivikate ati vinaharibu sura. Gari inasukumwa na magurudumu ya nyuma, ikikwama kwenye matope navigeta anaruka anasimama pale anadunda kwa uzito wake mpaka tairi zishike. Vya kwangu vimelika upande mmoja pale soli ya kiatu ilikuwa inakanyaga. Bodi yote nimepiga rangi mpya, hapo nimepaka vanishi tu.