Somo: Nyanya za Kivungulio, Ni Lini Utoe Majani ya Chini?

Somo hili ni la nyanya ndefu, zile zinazopanda kamba hadi kwenye waya wa juu na kuzaa kwa miezi mfululizo, kama Anna F1. Mwenye Cal J au Rio Grande aende moja kwa moja kwenye swali la pili la wanachama, mwishoni mwa somo, kwa sababu hizo hufuata utaratibu mwingine.

Wengi wetu hapa Nairobi na viunga vyake hupogoa kwa kufuata siku ya wiki. Kibarua anakuja Jumamosi, basi Jumamosi majani yanatoka, yawe yamemaliza kazi au hayajamaliza. Mwongozo wa kutegemewa ni kichala cha chini kabisa. Kati ya kichala kimoja na kingine huwa kuna majani matatu hivi, na kichala hulishwa zaidi na majani yaliyo jirani nacho. Matunda yake yakishatimiza ukubwa, majani ya chini yake hayana tena mtu wa kumlisha. Yamefunikwa na kivuli, yanazuia hewa, na yanatunza unyevu ambao ukungu unaupenda. Ukiyatoa kabla ya hapo, unayapunja matunda. Ukiyaacha muda mrefu, unafuga magonjwa.

Hatua ya 1: Pima kichala cha chini. Chuma tunda moja kubwa lingali la kijani, ulikate katikati kwa kisu kikali. Kisu kikipasua mbegu pamoja na nyama, ngoja. Mbegu zikiteleza pembeni mwa kisu bila kukatika, na ute umejaa vyumba vyote, tunda limekomaa hata kama ngozi bado ni ya kijani. Anna F1 huanza kuvunwa siku 75 hivi baada ya kuhamisha miche, kwa hiyo fanya jaribio hili kuanzia wiki ya tisa. Kabla ya hapo, toa tu majani yanayogusa udongo na yale yenye ugonjwa. Machipukizi ya kwapani ni habari nyingine: hayo yatoe kila wiki, yakiwa hayajapita sentimita 5.

Hatua ya 2: Hesabu yatakayobaki. Anza na jani la chini kabisa, upande hadi jani la juu lililofikia urefu wa kiganja. Mmea uliokwisha kukua ubaki na majani 14 hadi 18. Januari na Februari, jua likiwa kali, baki karibu na 18 na uache jani moja au mawili yakiwa kivuli cha kichala kinachoiva. Tunda likipata joto la zaidi ya nyuzi 30, rangi nyekundu haitengenezeki sawasawa; mabega hubaki manjano na magumu, na mnunuzi wa soko la Marikiti huyaona kabla hujashusha kreti. Juni hadi Agosti, kukiwa na mawingu na plastiki inadondosha maji asubuhi, shuka hadi 15 ili hewa ipite chini. Usipite hapo kwenda chini zaidi, maana msimu huo mwanga wenyewe ni haba.

Hatua ya 3: Chagua saa. Kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana, umande ukishakauka, mapazia ya pembeni yakiwa wazi. Kidonda kinataka saa kadhaa za hewa kavu kabla ya giza. Kikilala kibichi, ukungu wa kijivu huingia papo hapo na kushuka ndani ya shina. Siku ya mvua, ahirisha. Siku ya kupogoa pia usinyunyizie majani kitu chochote.

Hatua ya 4: Safisha mikono na kisu. Nawa kwa sabuni, na anayevuta sigara anawe mara mbili, kwa sababu virusi vya batobato la tumbaku husafiri kwa vidole. Kisu kipanguse kwa spiriti ya asilimia 70 baada ya kila mmea. Ukitumia Jik, changanya kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji, na ubadilishe mchanganyiko mara kwa mara kwa kuwa utomvu huufifisha. Anza na mistari yenye afya, umalizie na ule unaoushuku. Mnyauko wa bakteria hupitishwa na kisu kutoka shina hadi shina, na ukishaingia kwenye udongo wa kivungulio utakusumbua kwa misimu mingi.

Hatua ya 5: Vunja bila kuacha kigutu. Shika kikonyo karibu kabisa na shina, kisukume juu kwanza mpaka usikie "tak", kisha kishushe. Ukikivuta chini moja kwa moja, kitaondoka na ukanda wa ngozi ya shina. Kikonyo kigumu kikate kwa kisu, sawa na shina. Kigutu cha sentimita mbili kinaonekana hakina madhara, lakini huoza polepole, na hapo ndipo ukungu wa kijivu huanzia mara nyingi. Toa jani zima. Kukata nusu ya jani ni kufungua kidonda bila faida.

Hatua ya 6: Usizidishe. Majani mawili hadi matatu kwa mmea kwa wiki yanatosha. Shamba lililoachwa likawa msitu lirudishe kwa wiki tatu, usilivue nguo siku moja. Majani ndiyo yanayotoa maji hewani. Ukiyapunguza ghafla, mizizi inaendelea kusukuma maji, maji yanakimbilia kwenye matunda, na ngozi inapasuka. Ndiyo maana siku ya kupogoa unapunguza umwagiliaji, hasa wa jioni.

Hatua ya 7: Toa uchafu nje siku hiyo hiyo. Kivungulio cha mimea 500 hutoa majani 1,000 na zaidi kwa wiki, na viwavi wa Tuta absoluta, yule nondo anayetoboa majani na matunda ya nyanya, walio ndani yake hawafi kwa sababu jani limeanguka. Yafunge kwenye mfuko mzito wa plastiki, uuache juani hadi yapikike, ndipo uyazike.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Ruai): Mwalimu, majani ya chini yamekuwa manjano katikati ya mishipa, lakini mishipa yenyewe ni ya kijani. Niyatoe yote?

Jibu: Bado. Huo ni upungufu wa magnesi. Mmea huihamisha kutoka majani ya zamani kwenda machanga, kwa hiyo ukiyatoa, ugonjwa utapanda ghorofa moja juu. Nyunyizia chumvi ya Epsom, gramu 10 kwa lita ya maji, mara moja kwa wiki kwa wiki tatu, asubuhi au jua likipungua. Punguza pia mbolea ya potasiamu ikiwa umeizidisha, maana huzuia magnesi isiingie. Manjano yakienea jani zima pamoja na mishipa, fikiria naitrojeni. Kingo zikiungua, fikiria potasiamu.

Swali (Umoja): Nina Cal J kwenye ndoo za lita 20, roshani ya ghorofa ya tatu. Napogoa vipi?

Jibu: Karibu usipogoe, dada. Cal J ni nyanya fupi. Matawi yake ndiyo mavuno yake, na hukoma kurefuka yenyewe. Toa majani ya sentimita 20 za chini tu, ili udongo usiyarukie unapomwagilia, pamoja na yenye madoa. Roshani hupata mwanga wa upande mmoja, basi geuza ndoo kila siku chache.

Swali (Kikuyu): Jirani anasema nikivua majani yote, nyanya zitaiva haraka nikawahi bei.

Jibu: Kuiva kunaongozwa na joto na gesi ya ethilini inayotoka ndani ya tunda lenyewe. Ukivua yote utapata matunda madogo, yasiyo na utamu, yaliyobabuka na jua. Ukitaka kufunga msimu, kata kilele wiki sita hadi nane kabla ya kung'oa, ukiacha majani mawili juu ya kichala cha mwisho.

Swali (Kitengela): Naweza kuwapa sungura majani haya?

Jibu: Hapana. Yana tomatini, ambayo ni sumu kwao, na juu yake kuna mabaki ya dawa.

Swali (Limuru): Kuna madoa ya kahawia yenye unyevu, na asubuhi naona utando mweupe chini ya jani. Nikitoa majani hayo yataisha?

Jibu: Hiyo ni bakajani chelewa, na kupogoa peke yake hakuitibu. Usilitikise jani, maana vimbegu vya ukungu vitaruka. Livalishe mfuko kwanza, ndipo ulikate likiwa ndani. Ukiona doa kwenye shina, ng'oa mmea mzima. Kisha piga dawa ya ukungu iliyosajiliwa kwa nyanya, kwa kipimo cha kibandiko, ukihakikisha imefika chini ya majani, na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Usiku acha sehemu ya mapazia wazi kidogo hata kukiwa na baridi. Unyevu uliofungiwa ndani utakugharimu zaidi.